Koili, Utambi na Ukinzani: Istilahi za Atomaiza ya Kusukwa

Kirai "ukinzani mdogo" huonekana chepesi kutafsiri, lakini katika maelezo ya sigara za kielektroniki ni miongoni mwa virai vinavyopotosha zaidi. Kivumishi -dogo humfanya msomaji afikirie kitu hafifu, kisicho na hatari. Katika umeme, maana ni kinyume chake: kadiri ukinzani unavyopungua, ndivyo mkondo wa umeme unavyoongezeka.

Kwa kanuni ya Ohm, mkondo hupatikana kwa kugawanya volti kwa ukinzani. Betri moja ya lithiamu iliyojaa chaji hutoa volti 4.2. Ikiunganishwa moja kwa moja na koili ya omu 0.6, mkondo huwa ampea 7. Koili ikiwa ya omu 0.2, mkondo hufikia ampea 21, na ikiwa ya omu 0.1, hufikia ampea 42, kiasi kinachozidi uwezo wa betri za kawaida za ukubwa wa 18650. Betri iliyolazimishwa kupita uwezo wake hupata joto kali na yaweza kulipuka. Hivyo, mtafsiri aliyeandika "ukinzani mdogo" bila tarakimu amemnyima msomaji habari iliyo muhimu kuliko zote. Istilahi yenyewe pia ichaguliwe kwa makini: "upinzani" ni wa siasa na mashindano, "ukinzani" ni wa fizikia.

Atomaiza (ngeli ya I-ZI: atomaiza hii, atomaiza hizi) ni sehemu inayopasha joto kimiminika mpaka kigeuke erosoli, yaani matone madogo mno yanayoelea hewani. Neno "mvuke" limezoeleka, ila humkumbusha msomaji birika la chai, ilhali matone hayo kwa kawaida hubeba nikotini na kemikali nyingine.

Atomaiza ambayo mtumiaji huitengenezea koili mwenyewe huweza kuitwa "atomaiza ya kusukwa". Mafundi wa umeme husema "kusuka mota" wanapozungusha upya nyaya zake, na kazi ya hapa ni ya namna hiyo hiyo. Pamba inayopitishwa ndani ya koili haihitaji neno jipya: ni utambi, kama ule wa koroboi, kwa kuwa nao hunyonya kimiminika na kukifikisha penye joto.

Koili sahili ni waya mmoja uliozungushwa. Koili changamano huundwa kwa nyaya kadhaa. Ile iitwayo Clapton ina waya mnene uliozungushiwa waya mwembamba, mfano wa uzi mnene wa gitaa, na ndiyo sababu ikapewa jina la mpiga gitaa Eric Clapton. Nyingine huwa na nyaya nene mbili au tatu zilizolazwa pamoja kabla ya kuzungushiwa ule mwembamba. Koili za namna hii ni pana, nzito, na huchelewa kupata moto. Kwa sababu hiyo huhitaji wati nyingi.

Sifa hizo ndizo zinazoongoza uchaguzi wa atomaiza. Ya kwanza ni upana wa kitako, yaani sehemu ambapo koili hufungwa. Neno "sitaha" liachiwe vyombo vya majini. Kitako cha kipenyo cha milimita 22 hubana koili mbili kubwa, na cha milimita 24 au zaidi huziachia nafasi zisiguse ukuta wa chuma na kusababisha shoti. Ya pili ni matundu ya kuingizia miguu ya koili: yawe makubwa kiasi cha kupokea nyaya zilizolazwa pamoja bila kuzipondaponda, na skrubu ziwe imara. Baadhi ya vitako havina nguzo. Miguu hukatwa kwa kipimo kwanza, kisha hutumbukizwa kutoka juu. Ya tatu ni matundu ya hewa, ambayo yaielekee koili yenyewe. Kuyaita "mkondo wa hewa" katika aya inayozungumzia mkondo wa umeme ni kumchanganya msomaji.

Ya nne ni namna kimiminika kinavyofika. Atomaiza ya tangi huwa na chumba chembamba, na utambi wake huweza kushindwa kuilisha koili kubwa ipasavyo, pamba ikaungua. Atomaiza ya kudondoshea, ambayo mtumiaji huweka matone mwenyewe, huwa na nafasi zaidi, ndiyo maana hupendelewa kwa koili changamano.

Mtego wa mwisho umo katika kujumlisha. Koili mbili za omu 0.4 zinazofungwa pamoja kwenye kitako huunganishwa sambamba, na ukinzani wa jumla huwa omu 0.2, si 0.8.

Sentensi kama "Koili kubwa zifungwe kwenye atomaiza ya ukinzani mdogo" ina makosa mawili: inaipa atomaiza sifa ya koili, na inaficha kipimo. Iliyo bora ni hii: "Koili changamano zifungwe kwenye kitako kipana chenye matundu makubwa. Ukinzani wa jumla upimwe kwa omu kabla ya kuwasha, na usipungue kiwango ambacho betri inaweza kuhimili."