Chambo cha Manyoya cha Mto Spey

Samoni wa Atlantiki akitoka baharini kupanda mto kwenda kutaga mayai, huacha kula. Kumvua kwa chambo cha manyoya, basi, ni kazi ya kumchokoza mpaka aume, si ya kumshibisha. Katika Mto Spey, unaoteremka kwa kasi kaskazini-mashariki mwa Uskoti, wavuvi wa karne ya 19 walifunga chambo kilichotegemea mchezo wa manyoya majini kuliko mng'ao wa rangi. A. E. Knox aliorodhesha vyambo hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1872. Sehemu nyingine za Uingereza zilipokuwa zikipamba ndoano kwa manyoya ya kifahari ya ndege wa nchi za mbali, za Spey zilibaki na kahawia, kijani cha zeituni, zambarau na kijivu.

Maarufu kuliko vyote ni Lady Caroline, kilichopewa jina la binti wa Duke wa Richmond na Gordon. Ndoano yake, yenye shina refu, hubanwa kwenye jiliwa. Uzi mmoja wa sufu ya kijani cha zeituni na miwili ya kahawia hafifu huzungushwa pamoja kuwa mwili. Mwili huo uwe mwembamba. Ukinenepa, hata manyoya mazuri hayachezi. Juu yake hupita utepe wa dhahabu na nyuzi za dhahabu na fedha, kwa nafasi.

Kisha huja unyoya mrefu wa korongo wa kijivu, na hapa ndipo fundi hupimwa. Nyuzinyuzi zake huweza kuipita ndoano kwa urefu, na uti wake hukatika upesi. Kwa hiyo uzi mmoja wa metali huzungushwa kinyume, ukiukatiza uti ili kuushikilia, huku ncha ya sindano ikizinasua nyuzinyuzi zilizobanwa. Mabawa ni vipande viwili vya unyoya wa kahawia wa bata-mwitu dume, kimoja cha kushoto na kimoja cha kulia. Hulazwa chini, yakiufunika mwili kama mtumbwi uliofudikizwa, na hupasuka ovyo yasipokazwa kwa utaratibu. Kichwa kidogo cha uzi, vanishi, basi.

Katikati ya karne ya 20, Syd Glasso wa jimbo la Washington, Marekani, aliufufua mtindo huu kwa ajili ya samaki wa huko aitwaye stilihedi, akitumia rangi kali za machungwa ambazo Waskoti wa zamani wangezishangaa. Korongo sasa analindwa na sheria Uingereza na Marekani. Mafundi hutumia manyoya ya fezanti, au ya bata bukini yaliyolowekwa katika dawa ya kung'arisha nguo hadi vinyweleo vyake vikaungua. Ya bukini ni magumu kidogo, lakini maji ya kasi huyachezesha vya kutosha.