Mitambo ya gesi yapungua ukubwa, maswali yabaki yale yale

KWA zaidi ya mwongo mmoja, wakazi wa Likong'o mjini Lindi, kusini mwa Tanzania, wamekuwa wakisikia habari za mtambo mkubwa wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika ambao umepangwa kujengwa katika ardhi yao.

Wapo waliohama na kulipwa fidia kuanzia mwaka wa 2020. Mnamo Juni 2022, serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba wa awali na kampuni za kigeni, zikiongozwa na Equinor ya Norway na Shell ya Uingereza. Gharama ya mradi huo imekuwa ikikadiriwa kuwa Dola bilioni 42 za Marekani.

Hata hivyo, mwaka wa 2025 ulimalizika kabla ya uamuzi wa mwisho wa kuwekeza fedha hizo kufanywa.

Ng'ambo ya mto Ruvuma mambo yamekwenda kwa mwendo mwingine. Novemba 2022, shehena ya kwanza ya gesi ya Msumbiji ilisafirishwa kutoka kwa Coral Sul, mtambo unaoelea ambao ulijengwa Korea Kusini na kuvutwa baharini hadi Afrika ukiwa umekamilika.

Tofauti hii inaeleza mabadiliko makubwa katika biashara ya gesi ulimwenguni. Mitambo midogo na ya wastani, ambayo huundwa vipande vipande kiwandani na kusafirishwa kama bidhaa nyingine yoyote, sasa inashindana na miradi mikubwa iliyotawala biashara hiyo kwa miaka mingi.

Kwamba mitambo hiyo inafanya kazi, hilo halina ubishi tena. Linalohitaji kuchunguzwa ni yale yanayopungua pamoja na ukubwa wa mtambo, na yale yanayobaki kama yalivyokuwa.

Jinsi gesi inavyogeuzwa

Gesi ya kupikia inayouzwa kwa mitungi madukani si gesi asilia. Hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani, ambao hugeuka kimiminika kwa kukandamizwa tu katika joto la kawaida.

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni kaidi zaidi. Isipopoozwa kupita nyuzi 82 chini ya sifuri, hakuna mkandamizo unaoweza kuigeuza kimiminika.

Ndiyo maana viwanda huipooza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo hugeuka kimiminika angavu na ujazo wake hupungua takribani mara 600. Gesi ambayo ingehitaji matangi 600 hutosha katika tangi moja, na meli huweza kuibeba hadi bara jingine ambako hupashwa joto na kuwa gesi tena.

Kabla ya kupoozwa, gesi hiyo husafishwa. Maji na kabonidayoksaidi huondolewa kwa sababu vingeganda na kuziba mabomba. Zebaki nayo huondolewa kwa kuwa hula alumini, madini ambayo hutumiwa kutengenezea sehemu za kupoozea.

Upoozaji wenyewe hufuata kanuni ile ile ya jokofu la nyumbani. Kompresa hukandamiza gesi ya kupoozea, joto lake hutolewa nje, kisha gesi hiyo huachwa itanuke na kuwa baridi. Ubaridi huo ndio hufyonza joto la gesi asilia.

Kazi hii hula nishati nyingi. Takribani asilimia 10 ya gesi inayoingia mtamboni huweza kuishia kuendesha mtambo wenyewe.

Enzi ya miradi mikubwa

Kwa miaka mingi, wahandisi waliamini kwamba ukubwa ndio uokoaji wa fedha. Kanuni yao ya makadirio husema kwamba ukiongeza uwezo wa mtambo maradufu, gharama hupanda kwa takribani nusu tu.

Kilele cha imani hiyo kilionekana Ras Laffan, nchini Qatar. Kuanzia mwaka wa 2009, zilianza kazi huko safu sita za mitambo, kila moja ikiwa na uwezo wa kusindika tani milioni 7.8 kwa mwaka.

Lakini anayepika pilau ya harusi katika sufuria moja kubwa huokoa kuni, na ikiungua wageni wote hulala njaa. Mradi wa Gorgon nchini Australia uliidhinishwa mwaka wa 2009 kwa makadirio ya Dola bilioni 37. Uligharimu Dola bilioni 54, na shehena yake ya kwanza iliondoka Machi 2016.

Mradi wa aina hiyo huhitaji maelfu ya mafundi katika sehemu ya mbali kwa miaka kadhaa. Mvua, mgomo, vita au uhaba wa walehemu waliohitimu huweza kusimamisha kila kitu, huku riba ya mikopo ikiendelea kuhesabiwa kila siku.

Msumbiji inalifahamu jambo hilo vyema. Machi 2021, wapiganaji walivamia mji wa Palma, karibu na eneo la Afungi ambako kampuni ya Total ya Ufaransa ilikuwa ikijenga mtambo wa tani milioni 13 kwa mwaka. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ilisitisha mradi, na ni Novemba 2025 tu ilipotangaza kuondoa usitishaji huo.

Katika kipindi hicho chote, ujenzi wa Coral Sul ulikamilika, mtambo ukafika, ukaanza kuuza gesi. Vita vya nchi kavu havikuufikia kwa sababu hakukuwa na ujenzi wa nchi kavu.

Mfano wa Louisiana

Mtihani mkubwa wa mitambo ya vipande ulifanyika Marekani. Katika jimbo la Georgia, kituo cha Elba Island kilifungiwa vipande 10, kila kimoja kikiwa na uwezo wa tani 250,000 kwa mwaka. Kilianza kazi mwaka wa 2019.

Mwaka huo huo, kampuni ya Venture Global iliidhinisha mtambo wa Calcasieu Pass katika pwani ya Louisiana. Badala ya safu mbili au tatu kubwa, kampuni hiyo iliagiza safu 18 ndogo zinazofanana, kila moja ya tani zaidi ya 600,000 kwa mwaka. Uwezo rasmi wa mtambo wote ni tani milioni 10.

Sehemu za kupoozea ziliundwa na Baker Hughes nchini Italia, zikapakiwa melini na kufungwa mahali pake. Kimiminika cha kwanza kilitoka Januari 2022, miezi 29 baada ya uamuzi wa kuwekeza. Mradi mkubwa wa kawaida huchukua miaka minne, mitano au zaidi.

Siri yake ni marudio. Fundi anayeunda kipande cha 10 hafanyi tena makosa aliyofanya katika kipande cha kwanza. Kazi hufanyika chini ya paa, kwa vifaa vilivyo karibu, na kila kipande hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Safu moja ikiharibika, nyingine 17 huendelea.

Lakini jambo lililoupa mtambo huo faida ndilo lililozua mgogoro.

Mtambo hukamilika lini?

Mtambo wa safu 18 huanza kutoa gesi kabla haujamalizika. Calcasieu Pass ilianza kuuza shehena Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuvamia Ukraine, wakati ambapo bei ya gesi barani Ulaya ilikuwa imepaa kupita kiasi.

Wateja waliokuwa na mikataba ya muda mrefu, zikiwemo Shell na BP, walitarajia kupata gesi hiyo kwa bei iliyokubaliwa awali. Venture Global ilisema kuwa mtambo ulikuwa bado katika majaribio, ikitaja hitilafu katika kituo chake cha umeme, na ikaendelea kuuza shehena hizo katika soko huria. Ilitangaza kuanza rasmi kwa biashara Aprili 2025, zaidi ya miaka mitatu baadaye.

Kesi zilizofuata hazikutoa jibu moja. Agosti 2025, jopo la usuluhishi liliamua dhidi ya Shell. Oktoba mwaka huo, jopo jingine likaamua kwamba kampuni hiyo ilikuwa imevunja mkataba wake na BP.

Ikiwa kampuni zenye mawakili mahiri zaidi ulimwenguni zinaweza kugombania maana ya neno "kukamilika", serikali yoyote inayojadiliana kuhusu mtambo wa vipande ina sababu ya kulisoma neno hilo mara mbili. Ushuru, mrabaha na mgao wa faida huweza kutegemea tarehe ambayo mtambo unahesabiwa kuwa umekamilika.

Kinachokuja haraka huondoka haraka

Afrika imekwisha kuwa uwanja wa mitambo ya aina hii inayoelea. Pwani ya Kribi nchini Cameroon, meli ya Hilli Episeyo ilianza kusindika gesi mwaka wa 2018. Meli hiyo iliundwa mwaka wa 1975 kwa ajili ya kubeba gesi, kisha ikabadilishwa nchini Singapore na kufungiwa safu nne za tani 600,000 kila moja.

Nchini Congo-Brazzaville, mtambo wa Tango wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka ulianza kazi Desemba 2023. Historia yake ina funzo. Mwaka wa 2019 ulikuwa nchini Argentina kwa mkataba wa miaka 10. Bei ya gesi ilipoporomoka mwaka wa 2020, kampuni ya taifa hilo, YPF, ilivunja mkataba na kukubali kulipa Dola milioni 150. Mtambo uling'oa nanga.

Nayo Hilli Episeyo imekwisha kupata mkataba wa kwenda Argentina baada ya kandarasi yake ya Cameroon kufikia mwisho.

Kwa mwekezaji, uhamaji huu ni bima. Kwa nchi mwenyeji, maana yake ni kwamba rasilmali kubwa kuliko zote katika mradi inaweza kuondoka, na kuacha visima, mabomba na madeni.

Lindi ifuate njia ipi?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Tanzania isijenge mtambo mdogo Lindi kwanza, kisha iongeze safu nyingine polepole. Jibu limo baharini.

Gesi iliyokusudiwa kwa mradi huo imo katika maji ya kina kirefu, mbali na ufuo. Visima vyake na bomba la kuifikisha nchi kavu hugharimu mabilioni hata kama mtambo ni mdogo. Mtambo wa tani 600,000 hauwezi kubeba mzigo huo peke yake. Udogo hupunguza gharama ya mtambo, haupunguzi kina cha bahari.

Njia nyingine ni kuufuata mfano wa Msumbiji na kuegesha mtambo juu ya visima vyenyewe. Hilo lingeepusha bomba refu na miaka mingi ya ujenzi. Lakini lingeiacha pia Lindi bila kile ilichoahidiwa: bandari, barabara, ajira za ujenzi na biashara ya kuwalisha na kuwalaza maelfu ya wafanyakazi.

Coral Sul ina urefu wa mita 432 na nafasi ya kulala watu 350. Gesi yake yote iliuzwa kwa BP kwa miaka 20. Kazi ya kuilehemu ilifanywa katika kiwanda cha meli cha Samsung nchini Korea Kusini, na mishahara yake ikatumika huko.

Muhimu zaidi, mtambo wa baharini usio na bomba la kuja ufuoni hauwapi wananchi hata chembe ya gesi. Tanzania inafahamu thamani ya gesi ya nchi kavu, kwani ile ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka wa 2004.

Si kila mtambo mdogo huwatazama wateja wa ng'ambo. Huko Rumuji, katika jimbo la Rivers nchini Nigeria, kampuni ya Greenville husindika gesi na kuipakia katika malori yanayosafiri hadi viwanda vya kaskazini ambako hakuna bomba. Hapo udogo humtumikia mtumiaji wa ndani, kwa sababu mtambo ulijengwa karibu na gesi ya nchi kavu na soko likatafutwa nyumbani.

Kenya nayo imo

Suala hili linaigusa Kenya pia. Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipozuru Nairobi, nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kujenga bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2025, bomba hilo lilikuwa halijajengwa.

Likiwapo, gesi itakayolijaza lazima ifike nchi kavu kwanza. Iwapo gesi ya bahari kuu ya Tanzania itasindikwa melini na kuuzwa moja kwa moja Asia au Ulaya, viwanda vya Mombasa vitabaki kutegemea akiba ya visima vya zamani, ambavyo tayari vina wateja wake Dar es Salaam.

Kwa hivyo, serikali za ukanda huu zitakapoletewa pendekezo la mtambo wa vipande, kuna mambo matatu ya kudai yaandikwe wazi. Kwanza, ni siku gani mtambo utahesabiwa kuwa umekamilika na nani atatoa uamuzi huo. Pili, ni kiasi gani cha gesi kitakachofika ufuoni, kwa bei gani na kupitia bomba la nani. Tatu, ni kazi zipi zitakazofanyika nchini, ikiwa mtambo wenyewe umeundwa kwingine.

Mambo hayo yalikuwa magumu kujadili wakati mradi mmoja ulichukua miaka 10 kujengwa. Mtambo unaoweza kuwasili baada ya miaka mitatu unaupa upande wa serikali muda mfupi zaidi wa kuyajadili, na mara meli ikishatia nanga na kuanza kupakia, nafasi ya kubadilisha masharti huwa ndogo mno.