NYANYA ZIKO KWENYE MAUA? USITOE HELA KABLA HUJAKAGUA HAYA

Wauza nyanya, leo ni zamu yenu.

Wengi wetu tunanunua shamba likiwa bado na maua. Mkulima anataka hela ya dawa, wewe unataka bei ya chini kabla wenzako hawajafika. Mnakubaliana, unalipa. Unarudi baada ya wiki 3: majani yamenawiri, matunda ya kuhesabu. Hasara ni yako!

Kumbuka, ua siyo nyanya. Ua moja la nyanya lina sehemu ya kiume na ya kike humohumo. Linachohitaji ni kutikiswa na upepo au nyuki ili chavua idondoke. Lisipochavushwa, baada ya siku chache linapukutika.

Kwa hiyo ingia shambani, uangalie:

1. Kikonyo cha ua. Kina kifundo katikati. Kifundo kikiwa cha njano, ua hilo linaanguka. Tazama na chini ya miche. Maua yametapakaa? Shusha bei au ondoka.

2. Maua yaliyonyauka. Yapekue. Ukikuta kitunda cha kijani, hata kama ni kidogo kama kichwa cha kiberiti, hapo nyanya imetunga. Hesabu hivyo, usihesabu maua.

3. Joto. Mchana likipita nyuzi 32 siku mfululizo na usiku hakupoi, chavua inaharibika. Baridi kali ya usiku, chini ya nyuzi 13, nayo inaharibu.

4. Mbolea. Majani mengi ya kijani kilichokolea na maua machache? Urea imezidi.

5. Maji. Shamba likikauka leo na kufurika kesho, maua yanadondoka, na hata nyanya zilizotunga zinaoza kitako.

SASA PIGA HESABU
Kutoka ua kuchavushwa mpaka nyanya kuiva ni kama siku 45 hadi 60, kutegemea mbegu na hali ya hewa. Vichala vya chini vinatangulia, vya juu vinafuata, kwa hiyo mzigo utatoka kwa awamu. Panga matenga, gari na wateja kwa mtindo huo.

Na malipo je? Toa kidogo wakati wa maua. Rudi baada ya wiki 2, mhesabu vitunda pamoja na mkulima, ndipo uongeze. Mwandikishane. Hapo hamuonewi, wewe wala yeye.

Wewe huwa unalipa kwenye maua au kwenye matunda? Tuambie hapo chini, na mtumie mwenzako anayeenda shambani wiki hii.