Kapasita Chakavu katika Redio na Televisheni za Zamani

Matangazo ya redio yalianza nchini Kenya mwaka 1928 na ya televisheni mwaka 1962. Vyombo vya miongo hiyo vinavyoweza kukutwa kabatini huko Merigi, kaunti ya Bomet, huhesabiwa kuwa vimekufa, ilhali mara nyingi kilichokufa ndani yake ni kapasita chache tu. Kapasita ni kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme kati ya mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Kihami kikiharibika, kapasita imekwisha.

Nchi ya majani chai ya Kericho na Bomet hupata mvua karibu mwaka mzima, na unyevu huo unaostawisha michai ndio adui wa kapasita za karatasi, ambazo ziliviringishwa pamoja na foili kisha zikafunikwa nta. Nta ikipasuka, hata kwa ufa usioonekana, karatasi hunyonya maji na kuanza kuvujisha umeme. Hatari kubwa iko kwenye kapasita inayopeleka sauti kwenye valvu ya mwisho, ile inayoendesha spika, kwa kuwa upande wake mmoja una volti zipatazo 200 ambazo hazipaswi kuvuka. Ukinzani wake ukishuka hadi megaomu 10, kiwango ambacho fundi anaweza kukidharau, na rezista ya gridi ikiwa ya kiloomu 470, volti zipatazo 9 huifikia gridi inayoidhibiti valvu. Valvu hupitisha mkondo kupita kiasi, ikachemka, na hata kuunguza transfoma ya spika ambayo kuipata leo ni shida. Kapasita hiyo ibadilishwe hata kama kwa macho ni nzima.

Kapasita za elektroliti, zile za mkebe wa alumini zinazosawazisha umeme uliotoka kwenye mkondo geu, zina ugonjwa mwingine. Kihami chake ni utando mwembamba wa oksidi unaolindwa na kimiminika. Kimiminika hukauka kwa joto, na kwa kawaida kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Dalili yake ni mvumo mzito spikani. Chombo kikikaa bila umeme miaka mingi, utando wenyewe hudhoofika, na kukichomeka ghafla kwenye volti 240 kunaweza kupasua mkebe.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile au zinazokaribiana, volti zisizopungua za awali, na ncha chanya na hasi zisipishane. Zile za karatasi hubadilishwa na za plastiki, ambazo hazinyonyi maji. Kapasita za maika na nyingi za kauri zisiguswe bila kupimwa, kwani hudumu sana, na kuzing'oa ovyo huvuruga mapokezi ya mawimbi.

Kazi hii ina hatari ya kweli. Kapasita hubaki na chaji baada ya plagi kuchomolewa, hivyo hutolewa chaji kupitia rezista na kupimwa kwa mita kabla ya kushikwa. Bomba la televisheni ya rangi hufikia volti 25,000 na ni la fundi mzoefu peke yake. Kwa hiyo, mwenye redio ya zamani asiichomeke ili kuona kama bado inalia. Aipeleke kwanza kwa fundi ikafunguliwe.