Maji gani tuweke katika batri za kanisa?

Makanisa yetu mengi hapa Bukavu hutegemea paneli za jua na batri kwa mikrofoni na taa za ibada ya usiku. Batri za risasi na asidi zenye vifuniko hupungukiwa maji kadiri zinavyochajiwa. Wengi wetu huzijaza maji ya bomba, ya Ziwa Kivu au ya chupa ya kunywa. Maji hayo yana chumvi zinazoharibu mabamba ya ndani. Kuyachemsha hakusaidii: mvuke huenda, chumvi hubaki.

Tununue maji yaliyoandikwa “eau distillée” au “eau déminéralisée”. Tusiongeze asidi, maana kinachopungua ni maji tu. Yakikosekana, afadhali mvua iliyokingwa wazi kwa chombo safi cha plastiki, si ile ya mabati.

Mabamba yakiwa wazi, tuyafunike kwanza, tuchaji, kisha tujaze hadi alama. Mshumaa usikaribie, kwa maana gesi ya batri hulipuka.

Batri hizi zimenunuliwa kwa sadaka ya wajane na wachuuzi. Tuzitunze kama mawakili waaminifu.