Mkono si Kipimajoto: Joto, Mguso na Usalama wa Mlaji

Mkulima wa Kibiti anapolitwaa alfajiri jembe lililolala barazani usiku kucha, kiganja chake huuona mpini kuwa wa kawaida, lakini vidole vikigusa chuma huhisi ubaridi. Wengi wetu tungesema kwamba chuma kimepoa kuliko mti. Sivyo. Mpini na chuma vimelala mahali pamoja, katika hewa ileile, na kipimajoto kingeonyesha kuwa jotoridi lao ni moja.

Jambo hili dogo lina uzito kwa mlaji, kwa sababu kila siku tunautumia mkono kuamua mambo makubwa: kama samaki amehifadhiwa vizuri, kama sufuria inafaa kushikwa, kama mtoto ana homa. Sehemu hii ya kijitabu inaeleza mkono unahisi nini hasa, na ni wapi hupaswi kuutegemea.

Ngozi inahisi nini?

Joto ni nishati, na husafiri lenyewe kutoka kwenye kitu chenye joto zaidi kwenda kwenye kitu chenye joto pungufu. Ngozi ya kiganja kwa kawaida huwa na nyuzi joto 33 hivi za Selsiasi. Unapogusa kitu chenye jotoridi la chini ya hapo, joto hutoka mkononi kuingia katika kitu hicho. Unapogusa kitu chenye jotoridi la juu zaidi, joto huingia mkononi. Mishipa ya fahamu haisomi jotoridi la kitu kilichoguswa. Husoma jotoridi la ngozi yenyewe na kasi ya kubadilika kwake.

Hapo ndipo tofauti ya mti na chuma inapoanzia. Alumini hupitisha joto kwa wepesi unaozidi ule wa mti mkavu kwa zaidi ya mara 1,000. Chuma cha kawaida huuzidi mti kwa mara mia kadhaa. Chuma hulipokea joto la kidole na kulisambaza upesi, hivyo ngozi hupoa ghafla nasi tukasema chuma ni cha baridi. Mti hulipokea joto polepole, na sehemu iliyoguswa hupata joto la mkono mapema.

Jua likiwaka mambo hugeuka. Chuma na mti vikifikia nyuzi joto 50, chuma ndicho kitakachounguza, kwa kuwa hulisukuma joto lake mkononi kwa kasi. Na vyote viwili vikiwa na jotoridi sawa na la ngozi, hakuna kitakachohisiwa cha baridi wala cha moto.

Mkono pia hukumbuka ulikotoka. Mwaka 1690 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alieleza kuwa maji yaleyale yanaweza kuhisiwa ya baridi kwa mkono mmoja na ya moto kwa mwingine. Unaweza kulithibitisha hilo nyumbani. Tumbukiza mkono mmoja katika maji ya baridi na mwingine katika maji ya vuguvugu kwa dakika moja, kisha itie yote miwili katika beseni la maji ya kawaida. Mikono hiyo miwili haitakubaliana.

Samaki na kamba sokoni

Delta ya Rufiji inajulikana kwa kamba. Kutoka vijiji vya ndani ya mikoko, mazao ya uvuvi husafirishwa kwa mashua na ngalawa zinazofuata kujaa na kupwa kwa maji, yakapokelewa Nyamisati na bandari nyingine ndogo kabla ya kupelekwa kwa barabara hadi Kibiti na Dar es Salaam. Safari hiyo huchukua saa nyingi, na kila saa bila barafu ya kutosha hupunguza ubora wa samaki.

Mnunuzi hufika, akagusa, akasema: “Bado wa baridi.” Lakini mguso huo una mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni chombo. Kamba waliopangwa juu ya sinia la alumini huonekana wa baridi kuliko waliomo ndani ya kapu la ukili, hata kama jotoridi lao ni moja, kwa sababu vidole vinagusa na sinia.

Mtego wa pili ni maji. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, hivyo samaki aliyelowa huuchukua upesi uvuguvugu wa kidole. Tena, maji yanapokauka huondoka na joto. Ndiyo maana maji ya mtungi wa udongo hupoa. Muuzaji anayemwagia samaki maji kila mara humfanya ahisike wa baridi, lakini katika hewa ya pwani yenye unyevu, njia hiyo hupunguza nyuzi chache tu. Haiwezi kumfikisha samaki kwenye ubaridi wa barafu.

Mtego wa tatu ni juu na ndani. Barafu iliyotandazwa juu dakika chache kabla ya kuuza hupoza ngozi ya samaki, huku nyama iliyo karibu na mfupa ikiwa bado na joto.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kinachoharibika upesi kihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huongezeka haraka. Kwa samaki kama jodari na vibua kuna hatari ya ziada: wakikaa na joto, hutengeneza histamini, sumu inayoleta uwekundu wa ngozi, maumivu ya kichwa na kutapika. Histamini haiondolewi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha.

Kwa hiyo, uliza na utazame. Samaki wazungukwe na barafu pande zote, chini na juu. Kipimo kizuri katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Macho yawe angavu na yaliyojaa, mashavu mekundu, nyama irudi ukiibonyeza. Kichwa cha kamba kishikamane na mwili, gamba ling'ae, na pasiwe na harufu kali. Mwenye biashara ya kununua kwa wingi anunue kipimajoto cha chakula na kukichoma katikati ya nyama.

Vyombo vya jikoni

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kulisoma darasani. Mwiko ni wa mti, na upawa hutengenezwa kwa kifuu cha nazi, kwa sababu vitu hivyo havilileti joto la chungu mkononi. Unaponunua birika, kikaangio au sufuria, tazama kishikio kabla ya kutazama mng'aro. Kishikio cha chuma kilichoungwa moja kwa moja na chombo kitapata moto pamoja nacho. Kishikio cha mti au cha plastiki ngumu isiyoyeyuka kwa moto ni salama zaidi, mradi kimefungwa imara.

Sufuria zetu nyingi za alumini hazina vishikio, nasi huziepua kwa kitambaa. Kitambaa hicho kiwe kikavu. Kikavu hukinga kwa sababu kimeshika hewa katikati ya nyuzi zake. Kikilowa, maji huchukua nafasi ya hewa na joto hupita hadi kwenye vidole.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa takriban dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta wala barafu.

Mtoto mwenye joto

Mama aliyetoka kufua kwa maji ya baridi atamwona mtoto kuwa wa moto sana. Mama aliyetoka jikoni huenda asione kitu, na hilo ndilo la hatari. Delta na Kibiti ni maeneo yenye malaria, na homa yake huweza kupanda na kushuka. Mtoto aliyepoa saa hii si lazima awe amepona.

Mkono ukikuambia mtoto ana joto, uamini na uchukue hatua. Ukikuambia hana, usiutegemee. Tumia kipimajoto: kausha kwapa, kiweke katikati yake, banisha mkono wa mtoto na usubiri mlio. Nyuzi 37.5 au zaidi kwapani ni homa. Mtoto mwenye homa, au aliyekuwa nayo jana, afikishwe zahanati au kituo cha afya ndani ya saa 24 akapimwe. Kipimajoto kinunuliwe katika duka la dawa lililosajiliwa, na risiti itunzwe.

Mambo ya kukumbuka

1. Mkono huhisi kasi ya joto kuingia au kutoka, wala haupimi jotoridi.
2. Samaki aliyelowa au aliye juu ya sinia si lazima awe amehifadhiwa kwa ubaridi. Tafuta barafu.
3. Chagua vyombo kwa kutazama vishikio, na epua kwa kitambaa kikavu.
4. Homa ithibitishwe kwa kipimajoto, na malaria kwa kipimo cha kituo cha afya.
5. Ukiuziwa chakula kilichoharibika, toa taarifa kwa afisa afya au afisa uvuvi wa eneo lako, au kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 linasimamia pia usalama wa chakula.