Zabuni za wanyonge ni amana, hazikodishwi

 

Ijumaa moja, baada ya swala, mama mmoja alitusubiri kwenye baraza ya msikiti. Ni mwenyekiti wa kikundi cha ushonaji chenye wanawake 12, wengi wao wajane na waliotalikiwa. Mkononi alikuwa na bahasha iliyochakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Akasema: "Sheikh, nina swali, lakini naomba usinihukumu kabla sijamaliza."

Kikundi chake kilipata zabuni ya kushona mashuka 300 kwa taasisi moja ya umma, kila shuka kwa shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 4,500,000. Vitambaa na uzi viligharimu shilingi 2,700,000, fedha walizozikusanya kwa kukopa huku na huku. Kazi ikaisha, mashuka yakapokelewa, karatasi zikatiwa saini. Miezi minane ikapita bila malipo. Ndipo akajitokeza mfanyabiashara mmoja mwenye uwezo wake. Aliwataka wampe jina la kikundi na hati za usajili, aombee zabuni nyingine. Yeye ataleta mtaji, atafanya kazi na atachukua faida. Wao atawapa shilingi 300,000, yaani shilingi 25,000 kwa kila mwanachama, bila hata kugusa cherehani.

"Je, Sheikh, fedha hiyo ni halali?"

Tulimwomba muda. Swali lake si la kujibiwa mtu akiwa amesimama, kwa kuwa ndani yake mna maswali mawili: moja ni la mama huyu, na la pili ni la wale wanaoshika hazina ya umma.

Kwanza tufahamu haki yenyewe. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote katika nchi. Hununua madawati, chakula cha wagonjwa, sare, usafi wa ofisi na ujenzi wa barabara. Kwa miaka mingi biashara hiyo ilikwenda kwa wenye mitaji, kwa sababu masharti ya zabuni yaliandikwa kana kwamba kila mwombaji ana akaunti nene benki. Ndipo hapa Tanzania, mwaka 2016, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 ikafanyiwa mabadiliko ili taasisi za umma zitenge sehemu ya ununuzi wao kwa makundi maalumu, nayo ni vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sehemu hiyo ikawekwa kuwa asilimia 30. Sheria mpya, Namba 10 ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, imeendelea kuyatambua makundi hayo.

Jirani zetu wa Kenya wana jambo linalofanana na hilo. Katiba yao ya mwaka 2010, katika ibara ya 227, inaruhusu kuwalinda na kuwainua walioumizwa na ushindani usio wa haki. Mwaka 2013 wakaanzisha mpango wa kuwatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni. Huko Marekani, sheria ya mwaka 1978 iliweka rasmi mpango wa kuzipa kandarasi za Serikali kampuni ndogo za watu waliobaguliwa na kunyimwa fursa. Basi fikra hii si ya nchi moja wala ya dini moja. Wahenga wetu walikwisha kuifupisha: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Sasa turejee kwa mama yetu. Mwenye kujaza fomu ya zabuni iliyotengwa kwa ajili ya kundi maalumu anatoa ushahidi. Anasema: sisi ndio wenye biashara hii, nasi ndio tutakaofanya kazi hii. Akiikodisha hati yake kwa tajiri, ushahidi huo unakuwa wa uongo, na Mwislamu anafahamu uzito wa ushahidi wa uongo mbele ya Mola wake. Tena lipo la pili. Nafasi ile haikuwa mali ya kikundi chake peke yake. Mahali fulani kipo kikundi kingine cha vijana au cha walemavu wenye mashine zao na nia yao, ambao wangeipata kazi hiyo na kuifanya. Tajiri aliyepita kwa mlango wa wanyonge amewafungia wao. Kwa hiyo fedha ile, hata ikiwa shilingi 25,000 tu, ni bei ya haki ya mtu mwingine. Haifai.

Wala wenzetu hawalichukulii jambo hili kwa wepesi. Kenya inataka angalau asilimia 70 ya umiliki wa kampuni iliyosajiliwa katika mpango huo iwe ya kundi husika, na uongozi wake wote uwe wa kundi hilo. Marekani, katika kandarasi za huduma zilizotengwa, haimruhusu mshindi kuwalipa wakandarasi wa nje ya kundi lake zaidi ya nusu ya fedha alizolipwa na Serikali. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2013, ilifanya udanganyifu wa kutumia majina ya wanyonge kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10.

Lakini tusichanganye mambo. Kukopa kitambaa dukani kwa makubaliano ya kulipa baadaye si kukodisha jina. Kumwajiri fundi wa kukata si kukodisha jina. Hata kushirikiana na mwenye mtaji, kila upande ukiwa na kazi na fungu lake la faida na la hasara, ni ushirika unaofahamika katika fiqhi, maadamu masharti ya zabuni yanauruhusu na haufichwi. Kinachokatazwa ni jina kwenda mbele huku mwenye jina akibaki nyumbani.

Hapa mtu anaweza kudhani tumemaliza. Bado. Kwani ni nani aliyemfikisha mama huyu kwenye shauri la kuuza haki yake? Ni deni la miezi minane. Tajiri akicheleweshewa malipo, ana biashara nyingine ya kumshikilia. Kikundi cha wanawake 12 kikicheleweshewa, watoto hurudishwa kutoka shule na cherehani huwekwa rehani. Hivyo asilimia 30 iliyotolewa kwa sheria hurudi kwa matajiri kwa njia ya kuchelewa, bila mtu kuvunja mlango. Nafasi isiyo na mtaji wala malipo kwa wakati hugeuka kuwa bidhaa, na mwenye njaa huiuza kwa bei atakayotajiwa.

Kila mtoto wa madrasa amefundishwa mafunzo ya Mtume (s.a.w.) kuhusu kuharakisha ujira wa mfanyakazi. Ofisa anayeiacha hati ya malipo ya mnyonge ilale mezani, ilhali fedha zipo, asidhani kwamba anachelewesha karatasi tu. Anazuia ujira. Na anayengoja "chochote" ndipo aitie saini, huyo amejumlisha dhulma na rushwa.

Wanazuoni wetu walilifahamu tatizo la mtaji tangu zamani. Katika mkataba wa salam, mnunuzi hulipa thamani yote mwanzoni, na bidhaa huletwa baadaye kwa sifa na muda uliotajwa. Mkulima asiye na fedha ya mbegu alipata pumzi kwa njia hiyo. Malipo ya awali si mageni katika mikataba ya Serikali pia, ila mara nyingi huhitaji dhamana ya benki, na dhamana ya benki ni ya mwenye nacho. Tunawaomba wahusika watafute namna ya kumfikishia mshonaji kile ambacho mjenzi wa barabara hukipata.

Iko pia mikopo ya halmashauri. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Kwa familia ya Kiislamu inayoikimbia riba, huu ni mlango wa kubisha mapema, kabla zabuni haijaja, si baada ya kukwama.

Nasi majumbani tuna wajibu. Zabuni sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uitwao NeST. Mama asiyejua kompyuta ana kijana ndani ya nyumba anayeijua. Basi kijana amsaidie mzazi wake kusajili kikundi na kusoma masharti. Kila makubaliano yaandikwe, kwani aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana madeni. Na kazi ifanywe vizuri. Shuka likishonwa ovyo, anayeumia ni mgonjwa, na kikundi kinachofuata kitanyimwa kazi kwa sababu yetu.

Tulimjibu mama yule kama tulivyoandika hapa, tukamsindikiza kwa barua ya kudai malipo yao. Wanachama walikaa, wakamkatalia yule mfanyabiashara. Hadi tunaandika haya, wamelipwa nusu ya deni lao. Nusu nyingine wanaendelea kuifuatilia, na ahadi ni deni, hata anayeahidi akiwa ni Serikali.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape wanyonge subira katika haki, na awape wenye mamlaka hofu ya kuizuia. Wabillahi tawfiq.